Godoro Lililommeza Papa

Mama aligonga ukuta mara tatu. Katika nyumba yetu ya Katuba, hapa Lubumbashi, ukuta kati ya chumba cha wazazi na changu ni wa tofali moja, na kugonga mara tatu maana yake ni njoo, ila usiwaamshe watoto. Ilikuwa Julai, saa tisa usiku, umeme umekatika tangu jioni. Niliwasha tochi ya simu, nikamkuta Papa amelala chali katikati ya godoro jipya, macho wazi, mikono juu kama mtu anayepapasa ngazi gizani. Alitaka kwenda msalani. Alikuwa amejaribu kuinuka kwa karibu robo saa.

"Mama," akaniambia (ananiita hivyo kwa sababu nimebeba jina la mama yake), "iyi matela inanimeza."

Nilimshika mabega, Mama akashika miguu, tukamtoa. Hakucheka yeyote usiku ule. Kesho yake ndipo tulipocheka, Papa akiwa wa kwanza.

Godoro hilo lilikuwa na siku tano tu nyumbani. Tulikuwa tumechanga watoto watatu: yaya wangu, yaani mkubwa wetu, aliyeko Kolwezi, mdogo wetu wa Likasi, na mimi ninayeishi na wazee. Dola 420, mbali na gari la kulibeba kutoka mjini. Hatukumwambia Papa, tulitaka arudi kutoka kanisani akute kitanda kimebadilika. Lilikuwa na kifuniko cheupe chenye mishono ya buluu, kama la hoteli, na Jumapili ile majirani walipita mmoja mmoja kulibonyeza kwa kiganja na kushangaa alama ya mkono inavyotoweka taratibu. Nikijichunguza vizuri, nusu ya pesa ile ilikuwa ya mgongo wa Papa na nusu ya macho ya majirani.

Muuzaji aliliita "memwari". Ndivyo wanavyosema hapa Lubumbashi, kwa Kifaransa chetu cha dukani: matela ya memwari. Ni sponji, lakini si ile ya kawaida inayokurudisha juu mara tu unapoondoa mkono. Hii inazubaa. Joto la mwili linailainisha, inafuata umbo la mfupa uliolala juu yake, na uzito uliokuwa umekaa pointi mbili tatu unatandazwa kila mahali. Ukiondoka, inarudi kwa wakati wake. Chanzo chake si kitanda. Mwaka 1966 mhandisi Mmarekani, Charles Yost, akifanya kazi kwa mkataba wa NASA, shirika la anga la Marekani, katika kituo cha utafiti cha Ames, California, alikuwa akitafuta kitu cha kuweka kwenye viti vya ndege kipunguze mshtuko. Ilipita robo karne kabla Wasweden hawajalifanya godoro la kuuza madukani, mwaka 1991. Nilipomsomea Papa habari hizo alishikilia tarehe ya kwanza tu. Mwaka 1966 kwake una maana moja: ndio uliomalizika kwa serikali ya Mobutu kuitwaa Union Minière, shirika la migodi lililokuja kuwa Gécamines, ambako aliingia kijana na kutoka 2003, miaka yote hiyo katika maabara, akipima sampuli za shaba.

Kumbukeni hilo la maabara, litarudi.

Sisemi kwamba wazo letu lilikuwa baya. Papa ana miaka 74. Ngozi ya mzee huwa nyembamba, nyama iliyokuwa juu ya nyonga na bega imepungua, na akilala ubavu usiku mzima mfupa unabeba kazi iliyokuwa ya misuli. Sponji yake ya zamani ilikuwa imebonyea katikati hadi unazihesabu chaga za kitanda kwa kiuno. Kitu kinachotandaza uzito ndicho alichokihitaji. Kosa letu lilikuwa kuuliza swali moja tu dukani: je, ni laini? Hatukuuliza: mzee atatokaje humo?

Maana mzee hulala vipande vipande. Anaamka saa sita, saa nane, saa kumi. Wanaume wa umri wa Papa wanajua sababu, na madaktari wanaijua pia. Kila mara anapaswa kugeuka ubavu, kushusha miguu, kujisukuma kwa kiwiko, kukaa ukingoni, kupumua kidogo ili kichwa kisizunguke, kisha kusimama. Hizo ni hatua sita, mara tatu kwa usiku, gizani. Godoro la kijana linahukumiwa kwa namna linavyompokea. Hili la Papa lilipaswa kuhukumiwa kwa namna linavyomruhusu kuondoka, na hapo ndipo lilipofeli.

Kufeli kwenyewe kulisaidiwa na mji wetu. Watu wa mbali wakisikia Kongo wanadhani ni joto tupu. Lubumbashi iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai kipimajoto kinaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Nyumba zetu hazina cha kupasha joto. Sasa, sponji ya memwari inategemea joto. Ikiwa baridi inakakamaa. Ukiibonyeza asubuhi ya Julai ni kama bukari, ugali wetu, iliyolala kwenye sufuria. Papa akipanda kitandani, kwanza alilala juu ya ubao. Baada ya dakika kumi na tano, joto lake liliyeyusha sehemu aliyolalia, akazama, lakini kando yake pote palibaki pagumu. Akawa ndani ya shimo lenye umbo lake mwenyewe, lenye kuta. Kila alipotaka kugeuka, alikuwa anapanda ukuta.

"Mumeninunulia Étoile ya kulalia," akasema. Kwa wasiotoka hapa: Étoile ni mgodi wa wazi ulio karibu na mji, wa kwanza kabisa wa Union Minière. Ni shimo kubwa.

Oktoba, kabla mvua hazijafika, mambo hugeuka: joto linapita nyuzi 30 mchana, sponji inalegea, na kwa kuwa inakukumbatia pande zote, jasho halina pa kutokea. Kwa hiyo ukilijaribu godoro la namna hii dukani, uliza nafsi yako ni mwezi gani. Mimi nililijaribu Julai mchana, kwenye duka lenye jua la dirishani. Lilikuwa tamu.

Niingilie hapa na jambo ambalo siwezi kuliruka. Baridi hiyohiyo ndiyo inayowafanya watu waingize mbabula (jiko la mkaa) chumbani usiku. Makala (mkaa) yanayowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu hufa usingizini akidhani amepata joto. Ongeza sasa godoro: sponji hizi zote, za memwari na za kawaida, zimetengenezwa kwa kemikali za mafuta. Zikishika moto zinawaka haraka na moshi wake unaua kabla moto haujafika. Mshumaa uliobandikwa kwenye mkono wa kiti kando ya kitanda cha mzee, wakati umeme umekatika, ndio unaonitisha kuliko wezi. Tulimnunulia Papa taa ndogo ya sola. Mbabula inabaki uani.

Turudi maabarani.

Wiki ya tatu katikati ya godoro palianza kubonyea, na pale ndipo Papa alipoacha kulalamika akaanza kupima. Muuzaji alikuwa ametuambia, kwa kujiamini kabisa, "densite 50". Maana yake, mita moja ya ujazo ya sponji hiyo ina uzito wa kilo 50. Ni namba ya maana sana, kuliko unene na kuliko kifuniko, kwa sababu ndiyo inayoonyesha muuzaji anakuuzia sponji kiasi gani na hewa kiasi gani. Sponji ya kawaida ya bei rahisi inaweza kuwa chini ya 20. Memwari yenye kudumu huanzia kwenye 45 au 50 na kupanda. Lakini nani hubeba namba hiyo akaihakiki?

Papa alimtuma mjukuu kwa jirani anayeuza makala kwa gunia, akaazima mizani ya kuning'iniza. Tukalikunja godoro, tukalifunga kamba, tukalitundika kwenye tawi la mwembe uani, majirani wale wale wakitazama. Kilo 14. Papa akachukua risiti, akaigeuza, akaandika nyuma: 1.40 mara 1.90 mara 0.20, sawa na mita za ujazo 0.532. Kama lote lingekuwa 50, lingekuwa na kilo 26 na nusu. Lilikuwa na karibu nusu yake.

Kisha akafungua zipu, jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria. Juu kulikuwa na tabaka la memwari la sentimita 5, rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai. Chini, sentimita 15 za sponji nyeupe nyepesi ambayo ukiibana kwa vidole viwili vinakutana. Akapiga hesabu ya kurudi nyuma: kifuniko tuseme kilo 1, tabaka la juu, kama ni 50 kweli, kilo 6 na nusu hivi, inayobaki ikigawanywa kwa ujazo wake, ya chini ina 16. "Huyu mtu hakudanganya," akasema, kwa sauti ya mkuu wa maabara anayemsamehe mwanafunzi. "Alisema ukweli wa sentimita tano."

Ndiyo siri nzima ya magodoro haya, na nashangaa haiandikwi ukutani sokoni. Memwari haibebi mtu. Inamstarehesha tu. Anayebeba ni sponji ya chini, na hiyo ndiyo wanayoibania kwa kuwa haionekani. Msingi ukiwa dhaifu, tabaka la juu linamfuata mzee hadi chini. Sasa nikienda dukani nauliza mambo mawili: unene wa kila tabaka, na densite ya kila tabaka. Anayejibu namba moja kwa yote, naaga. Na kama wana mizani, naomba wapime mbele yangu. Wauza unga wanapima, kwa nini wao wasipime?

Duka lilikataa kulirudisha, kwa hoja kwamba plastiki yake ilishafunguliwa. Sitalitaja. Lakini neno plastiki linanikumbusha jambo la kwetu: wengi hapa hawaivui ile nailoni ya kiwandani, godoro lizeeke likiwa "jipya". Kwa memwari ni kulipa pesa na kuitupa. Nailoni inakaza, inazuia sponji kufuata mwili, inateleza mzee anapokaa ukingoni, na jasho lote linabaki kwake. Ikiwa kuna hofu ya mkojo, na kwa wazee hofu hiyo ipo na hakuna aibu, kuna vifuniko vyembamba vya kitambaa vyenye utando usiopitisha maji kwa chini, vinavyonyumbulika. Sponji ya namna hii ikilowa hadi ndani haikauki vizuri, na kuianika juani haisaidii sana.

Wajomba nao walikuwa na lao. Kila aliyesikia kisa alitoa hukumu ileile: mgongo wa mzee unataka ubao, rudisheni mkeka. Nimekua nikisikia hivyo na nilikaribia kukubali. Lakini mwaka 2003 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Hispania kwa watu wazima 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno: nusu walipewa magodoro magumu, nusu magumu ya wastani, bila kuambiwa lipi ni lipi. Baada ya siku 90, waliolalia magumu ya wastani ndio waliokuwa na nafuu zaidi. Magumu ya wastani, si laini. Mjomba na muuzaji wote wawili walikosea, kila mmoja upande wake, na nilifurahi kuwakosoa kwa pamoja.

Na kuna wale ambao godoro pekee haliwezi kuwatosha. Shangazi yetu, baada ya kupooza upande mmoja, alilazwa nyumbani miezi minne, na muuguzi aliyekuwa akija alitufundisha kumgeuza kila baada ya saa mbili, kutazama kiuno, nyonga na visigino kama kuna wekundu usioondoka, na kuinua visigino kwa mto uliowekwa chini ya mashavu ya miguu. Godoro zuri linapunguza mgandamizo, halimgeuzi mtu. Anayewauzia memwari kama dawa ya vidonda vya kitandani anawauzia usingizi wenu, si wa mgonjwa.

Mara ya pili tulikwenda na Papa mwenyewe. Alivaa koti. Kwenye duka la kwanza alilala chali, mikono kifuani, dakika kumi na tano kwa saa yake, muuzaji akatuuliza kwa sauti ya chini kama Mzee yu mzima. Kisha akageuka kushoto, akageuka kulia, akakaa ukingoni, akasimama. Akarudia. Nilimwona muuzaji akiwaza wateja wengine. Papa alikaa tena ukingoni, na ukingo ukabonyea hadi akateleza kidogo mbele. Akatikisa kichwa, tukatoka. Kwa vijana ukingo ni mahali pa kuangusha simu. Kwa yeye ndiyo ngazi.

Tuliona mengi siku ile, kuanzia karibu na soko la Mzee Kabila hadi maduka makubwa ya mjini. Mengine yamekuja kwa malori kupitia mpaka wa Kasumbalesa, yamefyonzwa hewa na kukunjwa kama sigara. Hayo yanahitaji siku moja hadi tatu ya kuvimba, na wakati wa baridi zaidi, na kama yamekaa yamebanwa miezi mingi kwenye kontena huenda yasirudi unene wake. Uliza yamefika lini. Bora uone lililokwisha kufunguliwa.

Mama alikuwa na kesi yake, ambayo sisi watoto hatukuisikia kwa sababu zawadi ilikuwa "ya Papa". Mama hana hata kilo 50. Memwari ambayo Papa mwenye kilo 80 anazama ndani yake, kwake Mama haishituki. Analala juu kama karatasi, na kwenye baridi haimlainikii kabisa. Lakini alikuwa na sifa moja ya kuipa: Papa akigeuka, yeye hatikisiki. Miaka zaidi ya arobaini ameamshwa kila mara mumewe anapoamka, na wiki zile tatu, shimo au si shimo, alilala. Hakutaka kurudi kwenye sponji ya zamani.

Tukamalizia kwenye duka dogo lililokuwa na vipande vya kuonyesha kila tabaka. Msingi wa sentimita 15, densite 35, na memwari ya sentimita 5 tu juu. Kulikuwa na lingine lenye memwari ya sentimita 10, ghali zaidi, na yaya wangu kwa simu kutoka Kolwezi alitaka hilo. Nilikataa. Anayegeuka kwa shida hahitaji kuzama zaidi. Mizani yao ilionyesha kilo 22, Papa akaandika, akapiga hesabu, akaguna. Kwa wanaomjua, kuguna kule ni cheti.

Kitanda nacho kilitaka kazi. Chaga zilikuwa zimeachana sentimita 15, na sponji hupenya hapo ikavunjika. Seremala aliongeza mbao hadi nafasi ikawa sentimita 6. Kisha urefu. Mgongoni mwa goti la Papa hadi sakafuni ni sentimita 47. Kitanda cha sentimita 42 na godoro la 20 ni 62: alipokaa, miguu ilining'inia, na Mama alionekana kama mtoto juu ya lori. Seremala alikata matendegu sentimita 12. Sasa Papa akikaa na godoro kubonyea kidogo, nyayo zote ziko chini na magoti yamekunjika sawasawa. Kazi ya nusu saa, na ningeulizwa ni nini kilichomsaidia zaidi kati ya msumeno na memwari, ningesita kujibu.

Lile la kwanza lipo chumba cha wavulana. Wao wanaruka ndani yake na kutoka kama vyura.

Papa ana daftari. Kila tarehe mosi anamwondoa kila mtu kitandani, anatandua, anakaza uzi kutoka ukingo hadi ukingo, na kupima kwa rula umbali kati ya uzi na godoro pale anapolala. Anasema ikifika milimita 30 tutazungumza. Agosti: 0. Septemba: 2. Oktoba: 4. Juzi nilimshikia uzi, akasoma, akaandika, akafunga daftari. Mama alikuwa amesimama mlangoni na shuka mkononi, akisubiri kutandika.

"Na upande wangu?"

"Hakuna kitu," Papa akajibu. "Sifuri."

"Andika hiyo sifuri," Mama akasema. "Na mimi nalala pale."